Memori ya Shule Kwenye Trei ya Mayai

KITUO CHA POLISI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Anajulikana kwa wateja, majirani na mumewe kama Bi Msusi
Umri: Miaka 38
Kazi: Msusi wa nywele, chumba cha pili kutoka kona ya soko
Makazi: Nyumba za kupanga, nyuma ya shule ya sekondari
Uhusiano na mtuhumiwa: Mke wa ndoa (shahidi ameomba liongezwe neno "bado")

Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa. Nimeelezwa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Nimemjibu afande asiwe na wasiwasi, kwa sababu kilichotufikisha hapa si uongo. Ni adabu.

Mtu mliyemweka mahabusu tangu jana ni mume wangu. Ni mtunza stoo wa shule ya sekondari, na kompyuta za shule zikiharibika ni yeye anayezitengeneza. Mtaani wanamwita Taratibu, maana hilo ndilo neno lake. Ukifunga mlango, taratibu. Ukimimina chai, taratibu. Siku ya harusi yetu alimwambia dereva taratibu mpaka wageni wakatutangulia ukumbini. Anatuhumiwa kuiba memori ya kompyuta ya shule. Memori ni kipande chembamba cha kijani, kirefu kidogo kuliko kiganja changu, chenye vijimstari vya rangi ya dhahabu upande mmoja ambavyo mafundi huviita meno. Kompyuta hiyo ilikuwa na mbili, ikarudi na moja. Hakuiba. Naeleza.

Mnamo tarehe 12, siku ya Ijumaa jioni, mume wangu alikuja nyumbani na kompyuta ya mezani ya sekretari wa shule, kwa ruhusa ya Mwalimu Mkuu. Ilikuwa inajizima yenyewe katikati ya kazi. Alisema inatakiwa kubadilishwa pawa saplai, yaani lile boksi la chuma la ndani linalogawa umeme. Shule ilishanunua jipya. Nilimuuliza kwa nini asiifanyie kazi hukohuko shuleni. Akasema shuleni kuna watu wanaopita wakigusagusa vitu, nyumbani kuna utulivu. Nimecheka kidogo kusema hivi. Afande naye amecheka.

Jumamosi asubuhi aliondoa kila kitu mezani akaanza ibada yake. Naijua kwa moyo. Kwanza kompyuta inazimwa kwa utaratibu, halafu plagi inachomolewa ukutani, si kuzima swichi tu. Kisha anapiga picha nyuma kwa simu, kila waya ulipo, ndipo anachomoa mmoja mmoja. Akishamaliza anabonyeza kitufe cha kuwashia na umeme haupo, ili ule uliobaki ndani utoke. Nilishawahi kumuuliza kwa nini anabonyeza kitu kilichokufa. Akaniambia, "Hata aliyelala ana pumzi."

Baada ya hapo anakunja zulia, anavua sweta, halafu anashika chuma kitupu cha kasha. Anasema mwili wa mtu una umeme wake mdogo, wewe huusikii lakini kompyuta inausikia. "Kompyuta haiuliwi na nyundo, mke wangu, inauliwa na kidole." Kikapu changu cha vitana kilifukuzwa mezani, kikawekwa nyuma ya mlango, kwa sababu kwake yeye kitana na nywele ni kiwanda cha umeme. Lakini brashi yangu mpya ya poda, ile laini niliyoinunua kwa ajili ya maharusi, hiyo haikufukuzwa. Hiyo aliichukua akapangusia vumbi la feni. Naomba hilo liandikwe hata kama si kosa la jinai.

Sasa naja kwenye trei. Mume wangu ana trei ya mayai, ile ya makaratasi, na hiyo ndiyo namna yake ya kufanya kazi. Kila anachofungua kinaingia kwenye tundu lake, kuanzia kona ya kushoto. Skrubu za mfuniko, tundu la kwanza. Skrubu za pawa saplai, la pili. Anaendelea hivyo hadi mwisho, na kurudisha anaanzia mwisho kuja mwanzo. Skrubu hizo kwako wewe zote ni sawa, afande, lakini ukiingiza ndefu pahali pa fupi unatoboa kitu. Kwa hiyo trei haiguswi. Heri uguse moto.

Alitoa lile pawa saplai la zamani zima kama lilivyo. Hilo huwa halifunguliwi hata likichomolewa, kwa sababu lina akiba ya umeme ndani ya kumtupa mtu ukutani. Kwa kuwa ndani kulikuwa na vumbi jingi, alitoa na memori zote mbili. Huwa hazivutwi, unabana vishikizo vya pembeni zinajiinua zenyewe, unazishika kwenye kingo bila kugusa meno. Alikuwa na kimfuko kimoja tu cha rangi ya fedha cha kuhifadhia. Memori moja ikaingia humo. Ya pili akailaza juu ya trei kwenye karatasi safi.

Alipotaka kufunga pawa saplai jipya, plagi yake kubwa ikakataa kuingia. Haikuwa ya kompyuta ile. Mtu mwingine angeisukuma. Yeye alisema, "Kitu kikikataa kina sababu yake," akaifunika trei kwa kitambaa, akachukua lile boksi kwenda kulibadilisha dukani. Mlangoni akaniambia, "Usiguse." Nikamwambia, "Tangu lini mimi nimegusa?" Ilikuwa kama saa nne asubuhi. Nikaenda uani kuanika nguo.

Nilipokuwa uani, mama yangu mzazi alifika. Hakusema kama anakuja. Mama anaishi mji wa jirani, anafuga kuku, na hawezi kwenda kwa mtu mikono mitupu. Alikuja na ndoo ya mayai yaliyofukiwa kwenye maranda ya mbao. Aliingia kwa mlango wa mbele, akakuta sebule haina mtu, zulia limekunjwa, na mezani, chini ya kitambaa, kuna trei ya mayai imejaa misumari.

Afande ameniuliza kama mayai yalikuwa ya kienyeji au ya kisasa. Sikuona inahusiana vipi, lakini yalikuwa ya kienyeji.

Niliporudi ndani nilikuta trei imejaa mayai, yamepangwa vizuri mpaka inapendeza. Meza imefutwa. Sebule imefagiwa. Skrubu zote, ndefu kwa fupi, zilikuwa kwenye bakuli moja pamoja na kile kimfuko cha fedha. Mama aliniambia, "Vyuma vyenu nimevikusanya hapo. Mwanangu, mtu mzima anaachaje misumari kwenye trei ya mayai?" Nikasema, "Shikamoo mama."

Mume wangu alirudi na boksi lake jipya. Akasimama mlangoni. Aliiangalia trei, akaliangalia bakuli, halafu akamwangalia mama. Nikajiambia, leo ndiyo leo, leo nitamsikia huyu mwanamume akipaza sauti. Alikunja magoti kidogo akasema, "Shikamoo mama. Mayai mazuri sana haya. Asante." Basi!

Alikaa mpaka alasiri akipambanua skrubu moja moja, anaipima kwa ukucha, anaijaribu, anaitoa. Mama alikuwa kwenye kochi akimsifu: "Mkwe wangu ana subira, sijaona." Ilipofika zamu ya memori, akafungua kimfuko akakuta moja. Nikamwona uso umembadilika. Akaanza kutafuta. Alitazama chini ya meza na chini ya kochi, akakung'uta zulia, akaenda mpaka kwenye pipa la taka. Mtu mzima, baba wa familia, anatambaa sakafuni mbele ya mama mkwe wake. Mama akamuuliza, "Unatafuta nini, mkwe wangu?"

Akajibu, "Kalamu, mama."

Mama akafungua mkoba wake akampa kalamu. Akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Halafu ilibidi aache kutafuta, kwa sababu kalamu ameshapata.

Nilimvuta jikoni nikamwambia, "Muulize mama ameiweka wapi." Akasema, "Nimuulize mama mkwe kama amechukua kitu? Mtu aliyetoka kwake na mayai mpaka kwangu?" Nikamwambia, "Basi namuuliza mimi, mimi ni mwanawe." Akanishika mkono akaniapisha nisiulize. Akanikumbusha habari ya tochi.

Habari ya tochi ni hii, naieleza kwa kifupi. Mume wa dada yangu mkubwa aliwahi kumuuliza mama, kwa upole tu, kama ameiona tochi yake. Mama alikunja nguo zake siku ileile akaondoka. Tochi ilipatikana chini ya kitanda. Mpaka leo mama hajakanyaga tena nyumba ile, na dada akitaka kumwona ni yeye anayesafiri. Kwa hiyo mume wangu alikuwa anaogopa kitu cha kweli, hilo nakubali. Lakini jamani, tochi ni tochi. Hii ni mali ya shule!

Alifunga kompyuta na memori moja. Ikawaka, lakini ikawa inajikokota. Pawa saplai lilifanya kazi vizuri na haikujizima tena. Jumapili asubuhi mama alituaga, akabeba ndoo yake na maranda yake, akamwombea mkwe wake dua ndefu mlangoni. Mume wangu akaitikia amina huku macho yakiwa kwenye ndoo.

Mnamo tarehe 15, siku ya Jumatatu, alirudisha kompyuta shuleni. Angeweza kunyamaza. Sekretari asingejua, angesema tu kompyuta imezeeka. Lakini huyu mume wangu alikwenda mwenyewe mpaka ofisini akamwambia Mwalimu Mkuu, "Memori moja imepotea." Mwalimu Mkuu akamuuliza imepoteaje. Akasema, "Imepotea mikononi mwangu." Nani alikuwepo? Kimya. Iko wapi? Kimya. Mwalimu Mkuu si mtu mbaya. Shule hiyo imeshaibiwa vifaa vya kompyuta muhula uliopita, na kila mtu anamwangalia mtunza stoo. Mtu anakuja kusema kitu kimepotea, halafu anafunga mdomo kama amebandikwa gundi, wewe ungefikiri nini? Akapiga simu polisi.

Jana nilipomletea chakula nilimwambia kwenye dirisha, "Baba, ukweli unao mdomoni, unaumeza wa nini?" Akasema nikitaja jina la mama, mama hatakuja kwetu tena mpaka afe, na itakuwa ni kwa ajili ya kipande cha kijani. Nikamwambia na wewe utafukuzwa kazi kwa ajili ya mayai. Akasema, "Taratibu, mke wangu." Niliondoka kabla sijamwagia ule mchuzi.

Usiku mzima sikulala. Watu husema heshima si utumwa. Waje wamwone mume wangu amelala kwenye sementi. Nina hasira naye mpaka kichwa kinaniuma, na nina hasira na mama, na nina hasira na mwanamume wa tochi aliyetuanzishia haya yote. Leo asubuhi nimebeba kikapu changu cha kazi, maana nina bibi harusi wa kumsuka mchana, nikaamua kupita hapa kwanza. Nasema bila kulazimishwa: aliyeigusa trei ni mama yangu mzazi. Sijui memori aliiweka wapi. Sijamuuliza. Nimekula kiapo nisimuulize.

Afande aliweka kalamu chini akaniambia, "Wewe umekula kiapo. Mimi sijala." Akaniomba namba ya mama.

(Maelezo yamesimama hapa, yanaendelea baada ya simu.)

Afande alimpigia mama mbele yangu, sauti ikiwa wazi ili wote tusikie. Mwalimu Mkuu alikuwa ameshafika, maana kompyuta iko hapa kama kielelezo na alikuja kuulizia ataipata lini. Mume wangu alitolewa mahabusu akasimama karibu na kaunta. Alipomsikia mama akisema "haloo" alifumba macho.

Afande alijitambulisha, akamsalimia mama kwa adabu zote, akamuuliza kama Jumamosi nyumbani kwa binti yake aliona kipande cha kijani chembamba, kirefu hivi. Mama akasema, "Kile kitana?"

Afande akauliza, "Kitana gani, mama?"

Mama akasema, "Kitana cha kijani kilichokwisha meno. Miwani sikuwa nayo, lakini kitana nakijua. Binti yangu si msusi? Nikakiweka na vitana vyake, kwenye kikapu nyuma ya mlango. Kama hakifai atakitupa mwenyewe."

Watu wote walikiangalia kikapu. Kilikuwa kwenye goti langu. Kimekuwa kwenye goti langu tangu nianze kutoa maelezo haya. Tangu Ijumaa sikuwa nimekifungua, kwa sababu Jumamosi na Jumapili nilikaa na mgeni na Jumatatu wasusi hatufanyi kazi. Nilipenyeza mkono chini ya vitana vya mkia, chini ya vibanio na rola, na huko chini kabisa nikaigusa.

Mume wangu, ambaye tangu jana hakumwambia polisi neno la maana, alipiga kelele ambayo sijaisikia tangu nimjue: "Usishike meno! Shika kingo! Taratibu!"

Nikaishika kwenye kingo. Ilikuwa imelala siku tatu katikati ya vitana na nywele za watu, yaani palepale anapopaogopa kuliko pote duniani. Aliipokea akaigeuza kwenye mwanga. Hakusema kama imepona au imekufa. Mwalimu Mkuu alisema kama imekufa italazimu shule inunue nyingine, na bodi itataka kujua mtunza stoo anafanya kazi gani. Afande akasema ijaribiwe hapahapa.

Basi nikaiona ibada tena, safari hii katikati ya kituo cha polisi. Akachomoa plagi ukutani. Akapiga picha nyaya kwa simu ya afande, kwa sababu yake mmeichukua. Akabonyeza kitufe. Akamwomba afande asogee na sweta lake, na afande akasogea. Halafu akatafuta chuma kitupu cha kushika asikione, kaunta ni ya mbao, kasha limepakwa rangi upande ule. Akatembea mpaka kwenye mlango wa mahabusu alimolala, akashika nondo pale rangi ilipobanduka, akakaa hivyo kidogo. Mimi niligeukia ukutani. Sikutaka kulia mbele ya Mwalimu Mkuu.

Akarudi, akalinganisha pengo la memori na mahali pake, akaibonyeza huku na huku mpaka vishikizo vikabana vyenyewe. Ikasikika tak upande mmoja, na tak upande wa pili. Hakufunga mfuniko, huwa hafungi kabla ya kujaribu. Akarudisha nyaya, akachomeka, akawasha. Kompyuta ikalia mlio mmoja mfupi. Mlio mmoja ndio mzuri, mingi ni msiba. Kioo kikafunguka, sekunde chache tu, haijikokoti. Mwalimu Mkuu akasema, "Zote mbili zinasomeka." Akampa mume wangu mkono, akasema anamngoja kazini Jumatano kama kawaida.

Tulikuwa tumesahau kwamba mama bado yuko kwenye simu. Akauliza, "Ina maana mkwe wangu yuko polisi kwa ajili ya kitana?" Akasema, "Kwa nini hamkuniuliza?"

Afande, niliketi chini. Siku tatu. Mtu amelala kwenye sementi, mimi nimekula kiapo, kazi ilikuwa inamponyoka, na mama anasema kwa nini hatukumuuliza! Nikamwambia, "Mama, ile tochi!" Mama akasema, "Tochi? Yule hakuniuliza. Yule aliuliza huku anaangalia ndani ya mkoba wangu." Kisha akasema apewe mkwe wake.

Mume wangu aliichukua simu kwa mikono miwili, akakunja magoti kama vile mama anamwona. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Pole, baba. Na kalamu uliipata?"

Akasema, "Niliipata, mama. Ninayo. Asante sana."

Mama akasema, "Jumamosi nakuja. Trei ya mayai nitanunua yangu." Akakata simu.

Haya ndiyo niliyokuja kuyasema, pamoja na mengine ambayo sikuja kuyasema. Sina ninachokirudisha nyuma. Nampenda mume wangu, liandikwe hilo, na liandikwe pia kwamba kama sheria inaruhusu mkae naye mpaka saa kumi, sitakata rufaa, nimsuke bibi harusi wangu kwa amani.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi kwa kalamu ya kituo na kuirudisha)

MAELEZO YA AFISA

Nimemsomea shahidi maelezo haya akakiri ni sahihi, isipokuwa ametaka neno "bado" pale juu lifutwe. Nimemweleza kwamba haliwezi kufutwa, akatia sahihi pembeni yake. Kielelezo kimepatikana ndani ya kikapu cha shahidi na kukabidhiwa kwa Mwalimu Mkuu kikiwa ndani ya kompyuta na kikifanya kazi. Mlalamikaji ameondoa malalamiko. Mtuhumiwa ameachiwa bila masharti. Kabla ya kufunga jalada nilitakiwa kumuuliza kwa mara ya mwisho, mbele ya mkewe, ni nani aliyeiondoa memori kwenye trei. Amejibu: "Ilipotea mikononi mwangu."